Instrakta anataka tuingie kwenye mawingu ya barafu na Cessna 172, hii imekaaje wakuu?

#1 Mwanagenzi_Angani

Wakuu heshima kwenu. Mi ni mwanafunzi wa urubani, leseni ya awali ninayo, sasa hivi nasomea kuruka kwa vyombo, yaani unaingia kwenye mawingu huoni nje unategemea dashibodi tu. Ndege yetu ni Cessna 172 ya zamani yenye kabureta, haina zile buti za mpira za kubandua barafu kwenye mabawa, propela haipashwi moto, kitu cha moto pekee ni bomba la pito (lile la kupimia spidi) na ile hewa ya kioo cha mbele ambayo ukiifungua yote inakupa kidirisha cha ukubwa wa kiganja basi.

Juzi tumekaa kwenye brifingi. Uwanja wetu upo karibu na usawa wa bahari, chini nyuzi joto 4, mawingu yanaanzia futi 2,000 na utabiri unasema yanaishia kama 6,000. Nikapiga hesabu ya kawaida kwamba kila futi 1,000 unapoteza kama nyuzi 2, kwa hiyo pale pale tunapoingia kwenye wingu tupo kwenye sifuri na huko katikati tupo hasi 4, hasi 5. Nikamwambia. Akanijibu hakuna rubani aliyeripoti barafu leo, na hata ikishika kidogo tutapanda haraka tutokee juu kwenye jua, na tena afadhali uione siku moja ukiwa na mimi kuliko uje uione peke yako.

Ndege ilichelewa kurudi kwa waliotutangulia kwa hiyo hatukuruka, ila amesema hali ikiwa hivi tena tunaenda. Mtu mwenyewe anafundisha vizuri sana na namheshimu, siyo kwamba nataka kumsema vibaya. Ila toka siku ile sina amani. Naogopa bure au kuna kitu hakijakaa sawa?

#2 Dirisha_la_Kushoto

Usiende. Nipo kazini nitarudi kueleza.

#3 Kipanga_Mzee

Hiyo hesabu uliyoipiga ndo kazi yenyewe ya rubani, hujaogopa bure. Nimefundisha miaka, siku hizi naendesha za kukodi zenye vifaa vyote vya barafu, na bado wingu kama hilo naliangalia mara mbili.

Tuanze na hilo la hakuna aliyeripoti. Ripoti inatoka kwa aliyepita. Kama asubuhi ile hakuna aliyepita humo kwa mwinuko huo basi ripoti haipo, na hiyo haina maana barafu haipo. Halafu hata ikiwepo, jeti ikisema barafu ni nyepesi ujue ni nyepesi kwake yeye, kalichana wingu kwa dakika moja na mabawa yake ya moto, wewe utakaa humo dakika kumi ukipanda kwa kuchechemea. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga kule Marekani, walishalitolea tafsiri mwaka 2009 kwamba mazingira ya barafu inayojulikana siyo lazima mtu awe ameiona kwa macho, ni pale ambapo rubani mwenye akili zake akichukua taarifa zote alizonazo angetegemea kabisa kwamba barafu itashika. Wingu la maji, joto chini ya sifuri, unataka taarifa gani nyingine? Na kwenye 172 kuna kibao kabisa mbele yako kinachosema kuruka kwenye barafu inayojulikana ni marufuku. Kasome, kipo hapo hapo unapokaa.

Watu wengi wanadhani maji yakifika sifuri yanaganda. Ndani ya wingu hayafanyi hivyo, matone madogo yanabaki maji mpaka hasi 10, hasi 15, mengine zaidi ya hapo, yanasubiri kitu cha kugonga. Ukipita wewe ndo hicho kitu. Tone likigonga bawa linaganda hapo hapo, na kama ni tone kubwa linatambaa kwanza kwenda nyuma ndo linaganda, inakuwa ile barafu ya kioo ngumu nzito inayong'ang'ania.

Sasa hilo la tutapanda tutokee juu ndo limenikera. Mawingu ya tabaka kama hayo maji mengi yanakaa karibu na kilele siyo karibu na kitako. Kwa hiyo barafu ikianza kushika futi 3,000 na wewe ukaamua kupanda unaelekea kwenye maji mengi zaidi, na ndege ambayo hata ikiwa safi inapanda taratibu. Ukiinua pua barafu inashika mpaka chini ya bawa kule nyuma, uzito unaongezeka, propela inapoteza nguvu, spidi inashuka. Majaribio yaliyofanywa miaka mingi yanaonyesha barafu au jalidi yenye ukwaruzo wa karatasi ya msasa tu inaweza kukata nguvu ya kunyanyua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani mpaka asilimia 40. Msasa, siyo bonge la barafu. Futi 6,000 za utabiri nazo nani kakuhakikishia, ikiwa 7,500 je?

#4 Nahodha_Mdogo

Wakuu mi ni instrakta pia na naona mnamwonea jamaa bila kumsikiliza. Barafu haifundishwi kwa picha. Tuna marubani wanamaliza masomo kwenye nchi za jua mwaka mzima hawajawahi kuona hata jalidi kwenye bawa, wanaajiriwa wanapelekwa kwenye baridi wanaanza kujifunza wakiwa na abiria mgongoni. Kwenye ajali ya ndege ya abiria ya Colgan 3407 karibu na Buffalo, Marekani, Februari 2009, watu 50 walikufa, kinasa sauti kilimnasa rubani msaidizi dakika chache kabla akisimulia kwamba kabla ya kuajiriwa hajawahi kuona mazingira ya barafu. Sasa mnataka aione wapi?

Na angalieni namba zake. Chini nyuzi 4, wingu futi 2,000. Ina maana kuna futi 2,000 za hewa isiyoganda chini ya wingu. Unaingia, unaona kamstari keupe kwenye ukingo wa bawa, unashuka, inayeyuka, somo limeeleweka. Tusimtishe mtoto wa watu.

#5 Dirisha_la_Kushoto

Nimerudi. Nahodha hoja yako ya kushuka ina mantiki ila ona kwamba siyo alichosema instrakta. Yeye kasema kupanda. Hewa ya joto iko chini yeye anaonyesha juu. Mtu ambaye hajakaa akajua mlango wa kutokea uko upande gani asiniingize ndani.

Mleta mada naomba utusaidie kitu kimoja, hiyo njia mnayopita mwinuko wa chini unaoruhusiwa kwa kuruka kwa vyombo ni futi ngapi? Angalia kwenye ramani ya njia.

#6 Spana_na_Grisi

Nyie marubani mnahangaika na bawa wakati mimi fundi nakaa naangalia hapo kuna kabureta. Hiyo haihitaji wingu la hasi 5. Petroli ikigeuka mvuke mle kwenye koo la kabureta hewa inapoa nyuzi 20 mpaka 30 na kitu, kwa hiyo hata siku ya nyuzi 20 yenye unyevu barafu inashika ndani na nje jua linawaka. Ndo maana hata nyie mnaoruka nchi za joto msicheke na huu uzi.

Kwenye propela yenye pembe isiyobadilika kama ya hiyo 172 dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini inashuka taratibu hujagusa kitu, rubani anasukuma throto kidogo kufidia, inashuka tena, anasukuma tena. Akija kushtuka injini inakohoa. Anavuta kitasa cha joto la kabureta, na hapa ndo watu wanapokufa kizembe, kwa sababu barafu inayeyuka inapita kwenye injini kama maji, injini inatetemeka na kukoroma kuliko mwanzo, anadhani kaharibu, anarudisha kitasa. Unatakiwa uvute chote ukiache palepale mpaka injini ijisafishe hata kama inapiga kelele za kutisha. Instrakta mzuri anakufundisha hilo ardhini injini imezimwa, mkono wako uko kwenye kitasa anakusimulia injini itakavyolia na wewe hurudishi.

#7 Upepo_wa_Kusi

Nipo hapa nasoma tu, mi hata ndege sijawahi kupanda, ila fundi umenitisha.

#8 Mwanagenzi_Angani

Asanteni sana wakuu. @Dirisha nimeangalia, kipande kile kina vilima, mwinuko wa chini ni futi 3,400.

#9 Dirisha_la_Kushoto

Basi kesi imeisha.

Futi 3,400 kwa hesabu yako mwenyewe ni karibu hasi 3. Ukishuka mpaka mwisho unaoruhusiwa bado uko ndani ya wingu na bado uko chini ya sifuri. Ile hewa ya joto ya Nahodha ipo, lakini kati yako na hiyo hewa kuna vilima ambavyo huvioni. Juu maji mengi, chini vilima, kilichobaki ni kugeuka nyuma na kugeuka nyuma maana yake ni kupita tena kwenye wingu lile lile lililokugandisha.

#10 Nahodha_Mdogo

Kama ni 3,400 hata mi siendi. Nilichukulia ni tambarare. Ila nasimamia hoja kwamba barafu ifundishwe angani, kwa ndege iliyothibitishwa kwa hiyo kazi, wingu jembamba, chini hewa ya joto ya kutosha isiyo na kizuizi, kuingia na kutoka. Na hata hiyo iliyothibitishwa haijaruhusiwa kukaa kwenye mvua inayoganda.

#11 Kipanga_Mzee

Hapo tuko pamoja Nahodha. Na hilo la mwisho lishikilieni, Roselawn, Indiana, tarehe 31 Oktoba 1994, ATR 72, ndege ya abiria ya propela yenye buti zake zote ilikuwa inazunguka kusubiri zamu ya kutua, otopailoti imeshika, matone makubwa kuliko yale iliyothibitishwa kwayo yakaganda nyuma ya buti ambako hakuna cha kuyabandua. Walipokunja flapi (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) ndege ikabiringita, watu 68. Na Brazil Agosti 2024, ATR ya Voepass pale Vinhedo, watu 62, ripoti ya awali imeonyesha marubani walikuwa wanapata tahadhari za barafu. Zote hizo zilikuwa na vifaa, na nyie mnaijadili 172.

Mleta mada sikiliza hii ya otopailoti maana kwenye masomo ya vyombo utaambiwa uitumie ikupunguzie kazi. Kwenye barafu inakuficha. Ndege inazidi kuwa nzito na kuvuta upande mmoja, mashine inafidia kimya kimya mpaka inafika mwisho wa uwezo wake inajiachia yenyewe, inakukabidhi ndege ambayo tayari imeshindikana. Shika kwa mkono, au ukiitumia itoe kila baada ya muda usikie ndege inasemaje.

#12 Saa_Elfu

Naomba niseme kitu ambacho hakisemwi. Instrakta wengi hawafundishi kwa sababu wanapenda kufundisha, wanatafuta masaa. Marekani baada ya hiyo ajali ya Buffalo ilipitishwa sheria mwaka 2010 na kanuni ikaanza 2013, kwamba hata rubani msaidizi wa shirika la ndege awe na leseni ya juu ambayo kwa kawaida inataka masaa 1,500. Kijana anamaliza chuo ana masaa 250 na kitu, hayo mengine atayatoa wapi? Anakuwa instrakta. Kila siku ndege ikikaa chini kwa hali ya hewa, yeye masaa hayasogei, na sehemu nyingine hata posho halipwi mpaka injini iwake. Kwa hiyo ukimwona instrakta anasema twende tu itakuwa sawa, siyo lazima awe jeuri. Anaweza kuwa mtu mzuri kabisa ambaye kichwa kimeshaegemea upande wa kwenda kabla hajafungua utabiri.

Na kuna kingine. Mwanafunzi akiwa na instrakta anazima breki zake, anasema huyu anajua. Instrakta naye anaona mwanafunzi hajapinga, anachukulia wote mmekubaliana. Wawili mko ndani na hakuna hata mmoja anayeiangalia hali kwa macho yake.

#13 Mwanagenzi_Angani

Daah @Saa_Elfu umegusa penyewe. Sasa namwambiaje bila kumvunjia heshima? Huyu ndo atanisainia kitabu changu.

#14 Kipanga_Mzee

Usimwambie naogopa, maana atakuliwaza, na usimwambie watu wamesema, maana atajitetea. Muulize kwa namba. Mwambie mwalimu nimeangalia mwinuko wa chini ni 3,400, sifuri iko 2,000, barafu ikianza kushika tunatokea wapi? Halafu nyamaza. Kama ana jibu atalitoa, kama hana ataliona mwenyewe.

Na siku yoyote mtakayoruka karibu na sifuri, hata nje ya wingu, kubalianeni kabla injini haijawaka ni kitu gani kikionekana mnageuka. Kitu cha kuonekana, siyo hisia. Kwenye 172 kinachoshika mapema ni vitu vyembamba, kile kipima joto kinachochomoza kwenye kioo na ukingo wa ile nguzo ya bawa. Mseme wazi, weupe wowote pale tunageuka, yeyote akiuona anasema na hakuna mjadala. Ukishasema hivyo chini, angani humpingi mwalimu, unatekeleza mlichokubaliana.

Washington Januari 1982, Boeing 737 ya Air Florida, rubani msaidizi aliona saa za injini hazisomi sawa wakati wanakimbia kupaa, akasema zaidi ya mara moja, nahodha akaendelea. Vipimo vilikuwa vimeganda vinaonyesha nguvu ambayo haipo. Wakagonga daraja wakaangukia mto Potomac, watu 78 pamoja na wa kwenye magari. Yule msaidizi alisema lakini alisema kwa upole, na hapakuwa na makubaliano kabla kwamba akisema tunasimama.

#15 Bawa_la_Nyuma

Kuna mtu atagusia mkia? Tulifundishwa mkia ukistoli kwa barafu, yaani ukipoteza nguvu yake ya hewa, unavuta usukani badala ya kusukuma, na unarudisha flapi.

#16 Kipanga_Mzee

Upo ukweli, ukingo wa mkia ni mwembamba kuliko wa bawa kwa hiyo unashika barafu mapema, na wewe huuoni toka kwenye kiti. Kawaida inajitokeza ukishusha flapi, usukani unalegea unakimbilia mbele wenyewe. Hapo ndo kuvuta na kurudisha flapi. Lakini usimjaze mwanafunzi hiyo ikawa kitu cha kwanza mkononi. Mara nyingi mno ni bawa, na bawa likistoli ukavuta umejizika. Pale Buffalo usukani ulitetemeka kuonya, nahodha akavuta. Watu wakabishana sana kama alidhani ni mkia, NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, wakasema haielekei, walichoandika ni kwamba aliitikia ile tahadhari kwa namna isiyofaa. Tofauti ya kuangalia ni hii, umegusa flapi sasa hivi au hujagusa? Kama hujagusa na spidi ni ndogo, sukuma pua chini.

Ndo maana pia ndege ikiwa na barafu unatua bila flapi au kidogo sana, spidi juu ya kawaida, hukati nguvu mpaka uko juu kabisa ya njia ya kurukia, na unachagua uwanja wenye njia ndefu. Na usisubiri honi ya kustoli ikuonye, yenyewe inaweza kuwa imeganda, au bawa likaachia kwenye spidi ambayo honi haijafika.

#17 Upepo_wa_Kusi

Sasa mi nitapanda meli.

#18 Mwanagenzi_Angani

Mrejesho wakuu. Nimemuuliza kama alivyosema Kipanga, kwa namba, nikanyamaza. Akachukua ramani akaangalia ile 3,400 kwa muda, akasema huko hatupiti mpaka sifuri ipande juu ya futi 5,000. Hakukasirika. Kesho tunaruka chini ya mawingu nikiwa nimefunikwa macho na kile kiziba, atanipa zoezi la saa ya spidi kufeli, barafu tutaifanya kwenye simuleta. Kuna cha kumwomba aongeze?

#19 Nahodha_Mdogo

Safi, nimempenda huyo jamaa. Mwombe muwe mnatua bila flapi mara kadhaa, wanafunzi wengi wamefanya mara moja tu kwa ajili ya mtihani.

#20 Spana_na_Grisi

Kwenye hilo zoezi mwambie afunike saa ya spidi kwa kile kifuniko cha kubandika, asizime hita ya pito halafu ikasahaulika. Na simuleta akuwekee aina mbili tofauti. Tundu la mbele la pito likiziba peke yake huku lile la kutolea maji liko wazi, spidi inaanguka mpaka sifuri, hiyo kila mtu anaishtukia. Yakiziba yote mawili saa ya spidi inageuka kipima mwinuko, unapanda inaongezeka, na mtu anaona spidi imezidi anainua pua zaidi. Desemba 1974 Boeing 727 ya Northwest, wafanyakazi watatu bila abiria, hita za pito hazikuwashwa, spidi ikawa inapanda wanavuta tu mpaka ikastoli ikashuka yote. Akupe hiyo ya pili bila kukwambia ni ipi, uone utagundua kwa kuangalia nini kingine kwenye dashibodi.